Chombo cha Kupiga Umeme: Je, Kitakulinda Njiani?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema habari za kofia, viatu, mikanda na mashini. Leo tunasema habari ya hatari inayokungoja nje ya mlango wa kazi, yaani njia ya kurudi nyumbani usiku. Na tunasema habari ya kitu ambacho watu wengi wanadhani ni dawa ya hatari hiyo: kile chombo kidogo cha mkononi kinachotoa cheche za umeme, ambacho muuzaji anaapa kwamba kitamwangusha mwizi mara moja.

Labda umekwisha kukiona. Mara nyingi kinafanana na torshi, na kweli kina taa mbele. Muuzaji akibonyeza kitufe, cheche za rangi ya buluu zinaruka kati ya vyuma viwili na kupiga kelele, ta-ta-ta-ta. Watu wanaotazama wanarudi nyuma. Kwenye sanduku imeandikwa «Volti 1.000.000», au hata zaidi. Wewe unayetoka posti ya usiku, unayepita kando ya majani marefu na mshahara mfukoni, unasema moyoni: «Hiki ndicho nilichokuwa nikitafuta.»

Ngoja kwanza, ndugu. Soma hadi mwisho, kisha utaamua.

AINA MBILI ZA VYOMBO

Aina ya kwanza ni chombo cha kugusa. Kina vyuma viwili mbele, vilivyoachana kwa sentimeta chache tu. Ili kifanye kazi ni lazima uvikandamize vyuma hivyo mwilini mwa adui. Ndicho kinachouzwa kwa bei ndogo, nacho ndicho watu wengi wanachonunua.

Aina ya pili ni chombo cha kutupa vishale. Kinajulikana kwa jina la Taser, nacho kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1970 na mtaalamu wa fizikia aliyeitwa Jack Cover. Hiki kinafanana na bastola. Ukifyatua, gesi iliyofungwa inasukuma vishale viwili vyenye ndoana, kila kimoja kimefungwa kwa waya mwembamba. Vishale vikinasa mwilini, umeme unapita katika waya. Ni chombo cha bei kubwa, na polisi wa nchi nyingi wanakitumia.

Usizichanganye aina hizi mbili. Watu wanaona filamu ambamo polisi anamwangusha mtu mrefu kwa Taser, kisha wanakwenda kununua chombo cha kugusa wakifikiri ni kitu kimoja. Sivyo hata kidogo.

VOLTI NYINGI SI NGUVU NYINGI

Wewe unayefanya kazi na umeme unajua jambo hili, lakini tulieleze kwa wote. Volti ni kama msukumo wa maji katika bomba. Ampere ni wingi wa maji yanayopita. Maji yanaweza kuwa na msukumo mkubwa, lakini kama tundu ni dogo kama ncha ya sindano, yatakayopita ni machache tu.

Mtu akisugua nguo ya nailoni siku ya jua kali la kiangazi, kisha akigusa chuma, anaruka kidogo kwa cheche. Cheche ile ina maelfu ya volti, naye hafi wala haanguki. Lakini umeme wa volti 220 wa nyumbani unaua watu, kwa sababu hauishi: unaendelea kutoka, na ampere zake ni nyingi kwa mwili wa mtu. Ndiyo maana kile chombo cha kukata umeme katika sanduku la nyumba, kinacholinda watu, kinawekwa kikate umeme unaovuja ukifika miliampere 30 tu.

Sasa tupime ile namba ya volti 1.000.000. Ili cheche iruke milimita moja katika hewa ya kawaida, zinatakiwa volti 3.000 hivi, au chini yake kama vyuma vina ncha kali. Tazama vyuma vya chombo kile: vimeachana kama sentimeta 2. Basi volti 60.000 zinatosha kabisa kuruka pale. Zikizidi hapo, zimekwisha kuruka zamani. Kama kweli zingekuwa 1.000.000, cheche ingeweza kuruka sentimeta 30 na zaidi, ikaufikia mkono wako wewe mwenyewe. Namba ile imeandikwa ili ununue.

Hata Taser ya polisi haina namba kama hiyo. Mfano ulioitwa X26, uliotoka mwaka 2003, ulikuwa na volti 50.000 za kurukisha cheche, lakini zilizofika mwilini zilikuwa 1.200 hivi. Ulipiga mapigo 19 kwa kila sekunde, na umeme wake kwa wastani ulikuwa miliampere 2,1. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anahesabu mamilioni, wewe hesabu feza zako na kuzirudisha mfukoni.

KWA NINI CHOMBO CHA KUGUSA KINASHINDWA

Ili mtu aanguke, umeme lazima upite katika misuli mikubwa na kuikaza yote kwa pamoja, hata mtu akitaka kusogeza mguu asiweze. Umeme unapita kati ya chuma na chuma. Vyuma vikiachana kwa sentimeta chache, umeme unapita katika kipande kidogo cha ngozi na nyama, basi. Mtu anasikia maumivu makali mahali pale, lakini miguu na mikono yake mingine bado ni yake. Hata polisi wakiikandamiza Taser mwilini bila kutupa vishale, matokeo ni hayo hayo: maumivu tu.

Na maumivu si kitu cha kutegemea. Mtu aliyelewa, au aliyevuta bangi, au mwenye hasira kali, anaweza asiyasikie kama wewe unavyodhani. Mwingine akisikia maumivu hatakimbia, bali atakupiga zaidi.

Ongeza mambo haya:

Kwanza, ni lazima umkaribie. Chombo hakifiki mbali kuliko mkono wako. Kama yeye ana panga, panga linafika kwanza. Kama ana bunduki, usifikirie hata kukitoa mfukoni.

Pili, ni lazima ukikandamize kwa sekunde kadhaa. Hakuna mwizi atakayesimama kimya kama mgonjwa mbele ya munganga. Atajirusha, atakushika mkono, mtaanguka wote wawili.

Tatu, nguo nene zinazuia. Koti la baridi la mwezi wa sita na wa saba linatosha kuzuia vyuma visifike karibu na ngozi.

Nne, wezi wa usiku hawatembei mmoja mmoja. Ukimgusa wa kwanza, wa pili yuko mgongoni mwako.

Tano, betri inakufa. Chombo kimekaa mfukoni miezi mitatu, na siku unapokihitaji kinatoa cheche dhaifu au hakitoi kabisa. Jambo hilo unalijua kwa majiwe ya torshi yako.

Sita, kinaweza kunyang'anywa. Hapo mwizi aliyekuja mikono mitupu amepata silaha, nawe ndiye uliyemletea.

Wengine wanaogopa jambo ambalo si la kweli: wanasema ukimgusa mwizi naye akikushika, umeme utakurudia. Kwa kawaida haukurudii, kwa sababu unazunguka kati ya vyuma viwili tu. Tunalisema hili ili mjue kwamba hatutaki kuwatisha kwa hadithi. Sababu za kutokitegemea chombo hiki ni zile sita tulizokwisha kusema, nazo zinatosha.

NA KILE KINACHOTUPA VISHALE?

Hiki kina nguvu kweli, na tusikidharau. Vishale vikinasa mbali kimoja na kingine, umeme unapita katika misuli mingi na mtu anaanguka kama gogo. Lakini kuna hesabu yake. Katika mifano kama X26, vishale vinaachana kadiri vinavyokwenda: mtu akiwa mita 2 hivi mbele yako, vitaachana kwa sentimeta 30 karibu, na hicho ndicho kipimo kizuri. Akiwa karibu kuliko hapo, vinanasa pamoja na kukaza kipande kidogo tu. Akiwa mbali, kimoja kinampata na kingine kinapita hewani. Kishale kimoja hakifanyi kitu, maana umeme hauna njia ya kurudi. Na kishale kikinasa katika koti lililolegea, umeme unaweza usiufikie mwili.

Sasa fikiri: wanaotumia chombo hiki zaidi ni polisi waliofundishwa, wanaotembea wawili au zaidi, wenye bunduki kiunoni kama kitashindwa. Hata hivyo, katika mji wa Los Angeles, hesabu ya polisi wenyewe kwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kilifanya kazi waliyoitaka kama mara 53 tu katika kila mara 100. Kama polisi aliyefundishwa anashindwa karibu mara moja kwa kila mara mbili, wewe uliyechoka kwa kazi ya usiku, uliye peke yako gizani, utafanya nini na kishale chako kimoja kilichokosa?

Watengenezaji wanayajua mambo haya. Katika mfano wa X26 waliowauzia raia waliweka umeme uweze kuendelea hadi sekunde 30, ili mtu akiweke chini chombo na kukimbia wakati adui amelala. Maana yake, kazi ya chombo ilikuwa kukupatia muda wa kukimbia. Na mfano uliotoka mwaka 2023 unatupa vishale kimoja kimoja, hadi kumi, ili mtu aliyekosa aweze kurudia.

JE, KINAWEZA KUUA?

Waganga wameangalia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2011 ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema haikuonekana hatari kubwa ya kufa kwa mtu mzima mwenye afya nzuri anayepigwa kwa muda wa kawaida. Lakini si kila mtu ana afya nzuri, na si kila mtu anapigwa mara moja. Mwaka 2007, katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, msafiri kutoka Poland alipigwa na Taser ya polisi mara kadhaa, akafa pale pale. Hakimu Thomas Braidwood, aliyechunguza jambo hilo, alisema mwaka 2010 kwamba kupigwa kule kulichangia sana kifo chake.

Hatari nyingine ni kuanguka. Mtu ambaye misuli imekazwa hawezi kutanguliza mikono. Kichwa kinapiga jiwe, lami au chuma, na wewe munajua kazini kichwa kisicho na kofia kikipiga chuma kinakuwa namna gani. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye chombo cha kusaidia moyo ndani ya kifua, na mama wenye mimba wako katika hatari zaidi.

Basi usikijaribu kwa rafiki kama mchezo. Usikiache mahali watoto wanapofika. Mtoto ataona torshi na atabonyeza. Na kama mtu amepigwa na chombo hiki, mlaze, angalia kama anapumua, angalia kichwa chake, mpeleke lupitalo. Kishale kilichonasa karibu na jicho, shingoni au sehemu za siri usikivute, mwachie munganga.

Jua pia sheria. Katika Uingereza, chombo hiki kinahesabiwa kuwa silaha iliyokatazwa kwa raia, na mtu aliyekutwa nacho anaweza kufungwa, hata kama kina umbo la torshi. Katika nchi yetu silaha zina sheria yake tangu 1985. Kabla ya kununua chochote kinachoitwa silaha, kwenda kuuliza polisi wa komini yako. Na hata mtu anayejitetea, sheria inampima: nguvu yake isipite nguvu ya aliyemshambulia, na akome mara adui anapokoma.

USIKILETE KAZINI HATA SIKU MOJA

Hapa, ndugu, hatukushauri, tunakuambia wazi. Chombo hiki kimetengenezwa ili kitoe cheche. Na wewe unafanya kazi mahali ambapo cheche moja inaweza kuua watu kumi.

Mwezi wa Oktoba 2021, katika mji wa Catskill, jimbo la New York, mtu mmoja ndani ya kituo cha polisi alijimwagia dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi. Polisi akampiga kwa Taser. Cheche iliwasha alkoholi, mtu akawaka moto, na baada ya majuma machache akafa. Ilikuwa chupa ya dawa ya mikono tu. Sasa tazama vitu vilivyo karibu nawe:

Detonateri za umeme zimetengenezwa ziwake kwa umeme kidogo. Ndiyo maana karibu na baruti simu, redio na moto vimekatazwa. Chombo cha cheche mfukoni mwa mtu anayebeba detonateri ni jambo la kutisha.

Chumba cha kuchaji betri kinatoa gesi ya idrojeni, ambayo huioni wala huisikii harufu, nayo inalipuka kwa cheche ndogo.

Chupa za asetileni za kulehemu zinaweza kuvuja.

Depo ya esanse, na matangi ya kutenganisha shaba ambamo mna mafuta yenye kuwaka, yana mvuke unaotembea chini chini hadi uifikie cheche.

Utasema: «Lakini sitakibonyeza.» Kitufe kinabonyezwa chenyewe mfukoni unapoinama, unapopanda ngazi, unapobanwa ndani ya kizimba cha kushukia shimoni. Kama unacho kwa ajili ya njia, kibaki nyumbani. Kama umekuja nacho bila kufikiri, usijifiche: mwambie kapita au mlinzi wa mlangoni kabla ya kuingia. Afadhali maneno makali mlangoni kuliko msiba shimoni.

BASI TUFANYE NINI?

Hatutaki kukuacha mikono mitupu. Njia za kujilinda zipo, nazo hazina bei kubwa.

Tembeeni pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanaokaa mtaa mmoja wangojane mlangoni mwa kazi, wahesabiane, waende pamoja, na wa mwisho asindikizwe hadi karibu na mlango wake. Wezi wanamchagua anayetembea peke yake.

Badilisha njia na saa, hasa siku za mshahara. Pita penye taa na penye watu, hata kama ni mbali kidogo. Njia fupi ya majanini imewaliza wengi.

Usibebe feza yote. Siku hizi feza inaweza kukaa banki au katika telefoni. Usihesabu noti barabarani, wala usitangaze kwenye kinywaji kwamba umelipwa.

Beba filimbi na torshi ya kawaida. Filimbi inafika mbali kuliko chombo chochote cha umeme, na haihitaji majiwe. Patana na majirani: filimbi ikilia, kila mtu awashe taa na kutoka kwa pamoja. Mwizi anaogopa macho ya watu wengi kuliko cheche ya mtu mmoja.

Wakikusimamisha na silaha, toa walichoomba. Usishindane. Mikono yako wazione, usiiingize mfukoni ghafula, sema pole pole. Angalia sura, nguo, sauti na njia wanayokimbilia. Ukipata nafasi ya kukimbia kuelekea kwenye watu, kimbia ukipiga kelele. Kisha peleka habari kwa polisi na kwa ofisi ya usalama, ili wenzako wa posti inayofuata waonywe.

Sema mahali pabaya. Taa ya barabara imekufa? Majani yamefunika njia? Basi la watumikaji linawaacha mbali na nyumba zenu? Mwambie delege wenu, aandike, afuatilie. Hatari ya njiani ni habari ya usalama kama vile mkanda uliokatika.

Nawe mama unayemngoja mume usiku, au unayerudi sokoni jioni, maneno haya ni yako pia. Ukiona bwana ananunua chombo kile kwa ajili yako, mwulize swali moja: «Nitamfikia namna gani mtu mwenye panga?» Halafu mwambie feza hiyo inunue filimbi mbili na kufuli nzuri ya mlango, na itabaki ya unga.

KUMBUKA

1. Volti nyingi zilizoandikwa kwenye sanduku si nguvu.
2. Chombo cha kugusa kinatoa maumivu. Hakimwangushi mtu kwa hakika.
3. Chombo cha vishale kinakosa mara nyingi, hata mkononi mwa polisi.
4. Ukiwa nacho moyo unakuwa mkubwa, na moyo mkubwa unakusukuma kupigana mahali ambapo ungekimbia.
5. Cheche haina nafasi kazini: si shimoni, si depo, si karibu na baruti.
6. Tembeeni wengi, pigeni filimbi, toeni feza, lindeni maisha.

Mshahara ukiibiwa unauma, na nyumba nzima itaona shida mwezi ule. Lakini mwezi mwingine utakuja na mshahara mwingine. Watoto wako wanangoja wewe ufike mlangoni, hata ukifika mikono mitupu. Ufike salama, ndugu.